Nyati Walioonekana Kuwa Wadudu: Uchambuzi wa Kisa cha Ishango

Mwishoni mwa miaka ya 1950, kijana wa Kimbuti, jamii ya wawindaji wa msituni, aitwaye Kenge, aliyekuwa na umri wa miaka ipatayo 22, alitoka katika Msitu wa Ituri, kaskazini-mashariki mwa Kongo, akasafiri kwa gari pamoja na mwanaanthropolojia Mwingereza Colin Turnbull hadi Ishango, mahali ambapo Mto Semliki hutoka katika Ziwa Edward na kuelekea kaskazini. Eneo hilo lilikuwa ndani ya hifadhi ambayo leo huitwa Virunga, na ambayo wakati wa utawala wa Wabelgiji ilibeba jina la Mfalme Albert. Turnbull alikuwa ameishi na Wambuti karibu na Epulu kwa muda mrefu, Kenge akiwa msaidizi na rafiki yake, na wawili hao walizungumza Kingwana, yaani Kiswahili cha upande huo wa Kongo. Mwaka 1961 Turnbull alieleza mambo aliyoyaona katika safari hiyo kwenye makala fupi ndani ya jarida la saikolojia la Marekani, na tangu hapo kisa hiki kimekuwa kikitajwa na kurudiwa katika mafunzo ya saikolojia kila inapozungumzwa namna akili ya binadamu inavyopima ukubwa wa vitu.

Tukio lenyewe lilikuwa hivi. Wakiwa mahali pa juu panapotazama uwanda wa majani, Kenge aliwaona nyati wakila majani maili kadhaa kutoka hapo, chini kabisa. Akamgeukia Turnbull, akamuuliza wale ni wadudu gani. Alipoambiwa kwamba ni nyati, aliangua kicheko akasema asidanganywe uongo wa kipuuzi namna hiyo. Henri, askari wa hifadhi aliyekuwa akiwaongoza, alishangaa, akamhakikishia kuwa ni nyati kweli, na kwamba wageni hawaruhusiwi kutembea bila kiongozi kwa sababu ya wanyama wakali waliomo. Kenge akakaza macho, akauliza ni nyati wa aina gani hao walio wadogo kiasi hicho. Turnbull akamwambia kwamba wakati mwingine hufikia karibu mara mbili ya nyati wa msituni. Kenge akainua mabega, akajibu kwamba kama wangekuwa wakubwa hivyo, wao wasingekuwa wamesimama pale hadharani. Baada ya hapo alianza kujikwangua tope lililokauka mikononi na miguuni, akaacha kabisa kujishughulisha na mazungumzo hayo.

Kisha wakaingia garini na kuteremka kuwaelekea nyati. Kadiri gari lilivyokaribia ndivyo wanyama wale walivyoonekana kukua, na Kenge, akiwa ameubana uso kwenye kioo cha dirisha, alikataa kabisa kukishusha, hata Turnbull naye akalazimika kupandisha kioo cha upande wake ili mwenzake atulie. Kenge alitaja uchawi. Walipofika karibu kabisa, alisema tu kwamba wale si nyati wa kweli, na kwamba hatashuka tena garini mpaka watoke katika hifadhi ile.

Kwa kawaida masimulizi ya kisa hiki hukoma hapo, na msomaji huachwa na picha ya mtu asiyejua kuona. Mimi naona kwamba kisa kinaanzia hapo. Nikiyapima maneno ya Kenge moja baada ya jingine, ninachokiona ni fikra iliyonyooka, iliyofuata kanuni ambayo ilikuwa kweli kwa maisha yake yote, na ambayo ilikosea kwa sababu imebebwa mpaka kwenye nchi isiyokuwa na masharti yaliyoifanya iwe kweli. Ili hilo lidhihirike, inabidi kwanza tujue macho ya Kenge yalipokea nini.

Nyati dume mzima hufikia kimo cha mita 1.5 hivi begani. Turnbull alitaja umbali wa maili kadhaa bila kuupima, kwa hiyo na tuchukulie kilomita 3. Kwa umbali huo, kimo cha nyati hutengeneza jichoni pembe isiyofika dakika 2, ambapo digrii moja ina dakika 60. Mwezi mpevu huchukua dakika zipatazo 30, na hivyo kila nyati alikuwa karibu sehemu moja ya kumi na saba ya upana wa mwezi. Jicho zima lisilo na kasoro hutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa dakika 1 hivi, maana yake ni kwamba Kenge alikuwa akitazama vitu vilivyo karibu na ukomo wa uwezo wa jicho lolote la binadamu: vidoa vyeusi vinavyosogea polepole, bila pembe za kichwani zinazobainika, bila miguu inayohesabika. Sasa mchukue mdudu mwenye kimo cha milimita 5 aliyetua mita 10 kutoka alipo mtazamaji. Huyo naye hutengeneza jichoni pembe ile ile, bila kupungua wala kuzidi. Taswira inayoangukia retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, kutoka kwa nyati wa mbali na ile inayotoka kwa mdudu wa karibu zinalingana kwa ukubwa, na hakuna uchunguzi wa taswira hiyo peke yake, hata ufanywe kwa uangalifu kiasi gani, unaoweza kuamua ipi ni ipi.

Kwa hiyo swali la Kenge halikuwa upotovu wa macho. Macho yake yalifanya kazi yote iliyo katika uwezo wao. Kilichobaki kilikuwa kazi ya akili, nayo ni kuoanisha ukubwa wa taswira na umbali wa kitu ili kupata ukubwa halisi wa kitu chenyewe. Wanasaikolojia huuita uwezo huo uthabiti wa ukubwa. Ndio unaotufanya tumwone mtu anayetembea kutuacha akibaki na urefu wake ule ule, ingawa taswira yake jichoni imepungua kwa nusu pindi umbali ulipoongezeka maradufu. Tunaufanya bila kujua kwamba tunaufanya, na ndiyo maana unaposhindwa hatuoni kwamba tumekisia vibaya, bali tunaona tu kitu kidogo.

Umbali nao hupatikana wapi? Kwa vitu vilivyo karibu, mwili una njia zake. Misuli inayobadilisha umbo la lenzi ya jicho na ile inayoyageuza macho mawili yaelekee sehemu moja husaidia kwa mita chache tu. Tofauti kati ya anachokiona jicho la kulia na anachokiona jicho la kushoto husaidia zaidi, lakini macho yetu yameachana kwa sentimita zisizofika 7, na faida ya tofauti hiyo hudhoofika haraka kadiri kitu kinavyokwenda mbali. Kusogeza kichwa pia hufaa, kwa kuwa vitu vya karibu huhama kuliko vya mbali, ila hatua moja au mbili za kando hazibadilishi chochote kwa mnyama aliye kilomita 3. Pale Ishango njia zote hizi zilikuwa kimya. Zilizobaki ni zile zinazotegemea kuijua nchi: majani yanavyozidi kusongamana na kuwa laini machoni kadiri yanavyokwenda mbali, ukungu mwembamba wa hewa unaofifisha rangi, na ukubwa wa vitu ambavyo mtazamaji anavifahamu tayari. Mtu aliyekulia Serengeti au Laikipia huyasoma hayo bila kufikiri. Kenge hakuwahi kuona uwanda wa majani wa maili nyingi, hivyo hakuwa na kipimo cha shada la majani wala cha mti mmoja mmoja uliosimama peke yake katikati ya nyika.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefanya kazi Misri katika karne ya 11, aliligusa jambo hili kwa namna ambayo bado inafaa kwa uchambuzi wa kisa hiki. Alieleza kwamba jicho hukadiria umbali kwa kufuata mfululizo wa vitu vilivyo kati ya mtazamaji na kitu kinachotazamwa, hasa ardhi, na kwamba mtu huijua ardhi hiyo kwa kuwa ameipima tangu utotoni kwa miguu na mikono yake mwenyewe. Mahali ambapo mfululizo huo haupo, au upo lakini mtu hajawahi kuupima, makadirio hukosea. Kenge alikuwa ameipima ardhi ya Ituri kwa miguu yake kuliko watu wengi watakavyoipima ardhi yoyote, lakini uwanda wa Ishango miguu yake haikuwa imeukanyaga hata mara moja.

Hapa inafaa kuutazama msitu wenyewe. Ituri ni msitu mnene wa mvua, na mtu aliye chini ya miti yake, mbali na mto au barabara, mara nyingi hufunikwa na majani kiasi kwamba hana kitu cha kutazama kilicho zaidi ya makumi machache ya mita. Mwindaji hutegemea masikio zaidi kuliko macho: tawi lililovunjika, ndege aliyenyamaza, sauti ya wenzake wanaofukuza wanyama kuelekea nyavuni. Katika mazingira hayo kuna kanuni moja ambayo haikosei, kwamba kinachoonekana kiko karibu. Nyati wa msituni akionekana, yuko katika umbali wa kumfikia mtu kabla mtu hajapata mti wa kupanda. Rudi sasa kwenye jibu la Kenge aliposema kwamba kama wanyama wale wangekuwa wakubwa, wao wasingesimama hadharani. Hiyo ni hoja ya mwindaji, na ni hoja sahihi. Inaanza na kwamba wanyama wanaonekana, kwa hiyo wako karibu. Turnbull na Henri wamesimama bila hofu. Watu wenye akili hawasimami bila hofu karibu na nyati. Kwa hiyo hao si nyati wakubwa. Kila hatua inashikana na iliyotangulia. Kosa liko katika hatua ya kwanza peke yake, ambayo msituni isingekuwa kosa.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu ndicho kiini cha udanganyifu wa macho kwa jumla. Akili haidanganyiki kwa kuwa ni dhaifu au kwa kuwa imeacha kufanya kazi yake, bali hudanganyika inapofanya kazi yake vizuri kwa kutumia dhana ambayo mazingira mapya hayaiungi mkono. Hermann von Helmholtz, mwanasayansi Mjerumani wa karne ya 19, aliiita kazi hiyo ukisiaji usio na utambuzi, na alikuwa na ushahidi wa kwake mwenyewe. Alikumbuka kwamba alipokuwa mtoto mdogo huko Potsdam alipita karibu na kanisa la askari, akawaona watu waliosimama kwenye roshani ya mnara, akadhani ni wanasesere, akamwomba mama yake anyooshe mkono amteremshie. Kosa la mtoto huyo na kosa la Kenge ni kosa moja: watu walionekana wadogo kwa kuwa umbali wa kwenda juu ni umbali ambao mtoto wa umri ule hajawahi kuutembea.

Baada ya Helmholtz jambo hili lilipimwa kwa majaribio. Mwaka 1941, Holway na Boring wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwaketisha watu mahali ambapo njia mbili za ndani ya jengo zinakutana, wakawaonyesha duara la mwanga lililowekwa katika umbali mbalimbali, kutoka mita 3 hivi hadi zaidi ya 36, na duara likikuzwa kadiri lilivyopelekwa mbali ili taswira yake jichoni isibadilike. Waliotazama kwa macho mawili katika hali ya kawaida waliukadiria ukubwa halisi vizuri sana. Watafiti walipoanza kuondoa viashiria kimoja baada ya kingine, kwanza jicho moja likafungwa, kisha watu wakatazama kupitia tundu dogo, kisha kuta zikafichwa kwa kitambaa cheusi, makadirio yaliteremka hatua kwa hatua hadi yakakaribia kufuata ukubwa wa taswira peke yake. Waliofanyiwa jaribio walikuwa watu wazima, na ilitosha kuwaondolea viashiria vya umbali ili nao waone vitu vikubwa vya mbali kuwa vidogo. Alichoondolewa mtu wa Harvard kwa kitambaa cheusi, Kenge aliondolewa kwa kuhamishwa nchi.

Umri nao una nafasi yake. Mwaka 1957, Zeigler na Leibowitz walilinganisha watoto wa miaka 7 hadi 9 na watu wazima kwa vitu vilivyowekwa hadi mita 30 hivi, wakakuta kwamba kwa vitu vya karibu makundi yote mawili yalikadiria vizuri, lakini kadiri umbali ulivyoongezeka watoto waliviona vitu kuwa vidogo kuliko vilivyo. Kwa upande mwingine, majaribio ya Slater na wenzake yaliyochapishwa mwaka 1990 yalionyesha kwamba hata watoto wachanga wenye siku chache tu tangu kuzaliwa hutambua ukubwa halisi wa kitu kilicho karibu nao kinaposogezwa mbele au nyuma. Matokeo haya mawili yakiwekwa pamoja yanatuzuia tusiseme kwamba Kenge alikosa uthabiti wa ukubwa. Asingeweza kuishi siku moja msituni bila uwezo huo. Tunachoweza kusema ni kwamba uwezo ambao kila binadamu huzaliwa na mwanzo wake hupanuliwa kwa matumizi, umbali baada ya umbali, na kwamba maisha ya msituni hayakuwa yamedai upanuliwe mpaka maili kadhaa.

Kisa kina sehemu nyingine ambazo hutajwa kwa nadra. Kabla ya kufika Ishango, kutoka kwenye kilima kilichofyekwa miti, Kenge aliona milima ya Ruwenzori kwa mara ya kwanza, akauliza kama ni vilima au ni mawingu. Swali hilo watu wengi waliozaliwa mbali na milima mirefu wangeliuliza. Alipokiona kilele chenye theluji alidhani ni mwamba mweupe. Henri akamweleza kwamba ni maji yanayogeuka rangi yakiwa juu sana, na Kenge akauliza kwa nini basi hayatiririki kama maji mengine. Henri akasema kwamba kule juu maji hugeuka pia kuwa magumu. Kenge akamkazia macho, akamwambia ni mwongo. Swali la mtiririko ni swali zuri mno, na mtu anayelisoma hawezi kuendelea kuamini kwamba Kenge alikuwa na akili isiyopima mambo.

Baadaye, kwenye Ziwa Edward, Turnbull alimwonyesha mashua kubwa ya uvuvi iliyokuwa mbali majini ikiwa na watu kadhaa. Kenge akasema ni kipande cha gogo kinachoelea. Turnbull akamkumbusha habari za nyati, naye akatikisa kichwa kukubali, ingawa bila kuamini. Lakini siku hiyo ilipoendelea, kwa mujibu wa Turnbull mwenyewe, Kenge alikuwa akitafuta wanyama kwa macho kila walipopita na kujaribu kubahatisha ni wanyama gani, bila hofu na bila ile hali ya kutosadiki. Alikuwa akiizoea nchi mpya, na akiizoea haraka. Huu ndio ushahidi ninaouthamini kuliko wote katika kisa hiki, na kuachwa kwake katika masimulizi mengi kunaniudhi kwa dhati. Kama kasoro ingekuwa katika macho au katika muundo wa ubongo uliokomaa bila kupata mafunzo ya utotoni, haingeanza kurekebishika kati ya asubuhi na jioni. Kilichohitajika ni kuelezwa, kuona gari likipunguza umbali, na kulinganisha kile alichokiona mwanzo na kile alichokiona mwisho.

Sasa ni lazima kusema waziwazi kisa hiki hakiwezi kubeba nini. Shahidi ni mmoja, naye ndiye mwandishi. Hakuna kipimo kilichochukuliwa, hakuna mtu wa pili aliyeulizwa maswali yale yale, na Kenge hakuombwa kuonyesha kwa vidole ukubwa aliouona. Swali lake la kwanza linaweza hata kueleweka kama la kutambua na si la kupima: mtu akiona vidoa vyeusi asivyoweza kuvibainisha, anaweza kuvitaja kwa kitu cha kwanza kinachomjia bila kukusudia kusema kwamba vina urefu wa milimita 5. Kinachokipa kisa uzito ni swali la pili, lile la nyati wadogo, kwa kuwa hapo jina la mnyama limekwisha kutolewa na bado udogo unamsumbua. Wengi hunukuu la kwanza kwa sababu linashangaza, na kuacha la pili lenye ushahidi.

Wengine wamekitumia kisa hiki pamoja na utafiti mpana wa Segall, Campbell na Herskovits, ambao mwaka 1966 walichapisha matokeo kutoka jamii zaidi ya kumi, nyingi zikiwa za Afrika, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa Uganda, ambao nchi yao haiko mbali na Ziwa Edward. Watafiti hao walipima, miongoni mwa mambo mengine, udanganyifu wa mistari miwili yenye urefu sawa, mmoja umesimama na mwingine umelala, ambapo uliosimama huonekana mrefu zaidi. Wanyankole na Watoro, watu wa nchi ya juu iliyo wazi, walikuwa miongoni mwa waliodanganyika sana; Wabete wa msitu wa Kodivaa walidanganyika kidogo kuliko wengine. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba kwenye uwanda wazi, mstari unaopanda katika taswira ya jicho mara nyingi ni ardhi inayokwenda mbali na mtazamaji, ikiwa imefupishwa na mtazamo, kwa hiyo akili imezoea kuurefusha. Ikiwa maelezo hayo ni sahihi, basi mtu wa uwandani na mtu wa msituni kila mmoja ana makosa yake, na makosa hayo yanatokana na ujuzi wake.

Hata hivyo, mafunzo ya mazingira si jibu la kila udanganyifu. Nchini India, Pawan Sinha na wenzake wamewafuatilia watoto waliozaliwa na mtoto wa jicho na kufanyiwa upasuaji wakiwa wakubwa, na mwaka 2015 walieleza kwamba watoto hao, mara tu baada ya kuanza kuona, walidanganyika na michoro miwili maarufu: ule wa mistari yenye vichwa vya mishale na ule wa mistari miwili iliyowekwa kati ya reli zinazokutana kwa mbali. Hawakuwa wamepata muda wa kujifunza pembe za nyumba wala barabara ndefu. Inaelekea, basi, kwamba kuna udanganyifu unaotokana na namna mfumo wa kuona ulivyoundwa, na kuna ule unaotokana na nchi aliyokulia mtu, na michoro ya karatasini haitupi ruhusa ya kuamua lolote kuhusu nyati wa Ishango. Kosa la Kenge lilihusu umbali wa maili kadhaa katika mandhari halisi, na hilo ni jambo tofauti na mistari ya sentimita kumi.

Yapo pia matumizi ya kisa hiki ambayo nayakataa moja kwa moja. Kwa miaka mingi kilisimuliwa kama kielelezo cha watu walio nyuma, ambao hata macho yao hayajaelimika. Wanaosimulia hivyo wangepaswa kuzingatia yaliyotokea Februari 1971, wakati Alan Shepard na Edgar Mitchell, wanaanga wa Apollo 14, walipopanda mteremko wa kreta, yaani shimo kubwa la duara, iitwayo Cone kwenye Mwezi. Mwezini hakuna hewa, kwa hiyo hakuna ukungu wa kufifisha vya mbali. Hakuna miti, nyumba wala kitu chochote chenye ukubwa unaojulikana. Jiwe la karibu na jabali la mbali huonekana kwa ukali ule ule. Wanaume hawa wawili, marubani wenye mafunzo ya miaka mingi, wakiwa na ramani mkononi, walishindwa kujua ukingo wa kreta uko wapi, muda ukawaishia, wakageuka. Uchunguzi wa baadaye, pamoja na picha zilizopigwa na chombo kinachozunguka Mwezi, ulionyesha kwamba walikuwa wamebakiza umbali usiofika mita 50. Hakuna aliyeandika kwamba Wamarekani hawajui kuona. Tulielewa, kwa haki, kwamba walikuwa katika nchi isiyo na viashiria walivyovizoea, na uelewa huo huo ndio anaostahili Kenge.

Linabaki swali la dirisha la gari, ambalo Turnbull alikiri kwamba hakupata jibu lake: Kenge alidhani nini kinatokea wakati wanyama wale walipokuwa wakikua? Huenda aliona wadudu wakigeuka kuwa nyati, au nyati wadogo wakinenepa kwa kasi. Kutoka kilomita 3 hadi mita 50, taswira ya mnyama hukua mara 60, na kwa mtu ambaye akili yake imekwisha kuamua kwamba mnyama yuko karibu tangu mwanzo, ukuaji huo hauna mahali pa kwenda isipokuwa kwenye mwili wa mnyama. Zaidi ya hayo, gari lilimnyima kipimo kile alichokitaja Ibn al-Haytham. Kama angeteremka kwa miguu, angezihesabu hatua, angechoka, angeliona kila shada la majani likisogea na kupita, na mwili wake ungemjulisha kwamba ardhi iliyo kati ni nyingi. Akiwa ameketi nyuma ya kioo, umbali ulipungua bila yeye kuutembea. Kwa maoni yangu, hofu yake ndani ya gari ilitoka hapo zaidi kuliko kwa wanyama wenyewe, na mtafiti ambaye angetaka kulijaribu wazo hili angehitaji kitu kimoja tu ambacho siku ile hakikufanyika: kuteremka kwa miguu, pamoja na askari wa hifadhi, huku akimuuliza mwenzake kila baada ya hatua mia moja anaona nini.